Tundu la Mwaka Hamsini na Tano

Januari 4

Naanza daftari hili nikiwa na hasira, kwa hiyo mwandiko utavumiliwa. Mdogo wangu Lyle alikuja baada ya ibada, akala sahani mbili za viazi vyangu vya kuoka na nyama ya kusaga, akafuta mdomo, ndipo akatangaza kwamba nyumba yake imepata mnunuzi. Yeye na mkewe wanahamia Arizona. Na Baba anakwenda nao.

Si jambo la kubishia. Mapafu ya Baba hayaiwezi tena baridi ya Minnesota, daktari ameshasema, na mimi ninayeishi naye ndiye ninayemsikia akikohoa kila asubuhi. Tumekubaliana ataondoka barafu ya ziwa ikishayeyuka. Maana yake nina majira haya ya baridi tu kuliziba lile tundu.

Tundu lenyewe liko kwenye albamu yake ya bluu. Albamu ni ya sarafu za nusu dola zenye kichwa cha Franklin, za kuanzia 1948 hadi 1963, zote za fedha. Baba aliianza akiwa kijana wa kiwanda cha maziwa, kwa sharti moja: hakuna kununua dukani. Kila sarafu itoke benki kwa thamani yake ileile ya nusu dola, ndani ya bunda la karatasi kama walivyolifunga wao. Mimi nilipostaafu jiko la shule nikaingia naye kwenye msako, na leo matundu yote yamejaa isipokuwa la 1955. Tena hilo lilikuwa limejaa! Aliitoa mwenyewe siku ya maonyesho ya wilaya ili amnunulie msichana mmoja pai ya matofaa, akijua wiki ijayo atapata nyingine. Msichana akawa mama yetu. Nyingine haijaonekana mpaka leo. Mama, hadi anafariki, alijisifu kwamba wilaya nzima hakuna aliyekula pai ghali kumzidi.

"Si umnunulie tu?" Lyle alisema akivaa buti. "Dukani zipo, dola ishirini na kitu. Unaitia, mzee anafurahi, mambo yamekwisha."

"Na wewe shindano la uvuvi ungelishinda kwa samaki wa supamaketi."

"Samaki ni samaki, dada."

Baba aligeuza uso kwenye kiti chake. Macho yake siku hizi yanaona mwanga na vivuli tu, lakini masikio yanasikia mpaka friji ya jirani.

"Lyle," akasema, "ukitoka funga mlango."

Januari 9

Boksi zima, mabunda hamsini. Patupu.

Januari 15

Boksi jingine. Mbili za 1967, zenye fedha kidogo tu. Bora hizo kuliko kulala na njaa.

Keshia wa benki yetu, Brenna, ananitazama kama ninayemletea mzoga. Kila nikiagiza boksi la nusu dola anashusha pumzi ndefu. "Bi. Ardis, haya maboksi ni mazito, mgongo ni wangu." Nikamwambia mimi nimebeba sufuria za supu za watoto mia tatu na sijawahi kushusha pumzi. Hakucheka. Msichana mkavu yule.

Nyumbani Baba aliuliza swali lake: "Umezidondosha?"

Hili ndilo tunalogombania kila wiki. Yeye alinifundisha kuidondosha kila sarafu mezani na kusikiliza. Za siku hizi zina shaba ndani, zinasema ko, basi. Ya fedha inalia, na mlio unakaa. Lakini boksi lina sarafu elfu moja! Mimi nazitazama pembeni. Ukiona mstari wa shaba ukingoni, hiyo takataka. Ukiona weupe mtupu, hiyo fedha. Nafungua bunda, napitisha jicho, nimemaliza.

"Pembeni kunatosha, Baba."

"Kunatosha kwa mwenye haraka," akasema.

Januari 23

Patupu. Baridi kali, pikapu imegoma kuwaka. Baba amekohoa sana.

Februari 1

Klabu ya uvuvi imelisukuma lile gari bovu la kila mwaka katikati ya ziwa lililoganda, limetolewa injini na kupakwa rangi ya chungwa. Mji mzima tunabahatisha siku litakayozama. Lyle ameandika Aprili tarehe mbili. Mimi nimeandika ishirini na tano. Kwa mara ya kwanza maishani natamani majira ya baridi yakae.

Februari 6

Boksi limefika leo, na redio inasema dhoruba ya theluji inaingia jioni. Baba alikuwa na homa. Simu ya Lyle ilikuwa haiachi kuita: anauliza kama Baba ana suti, kama Baba anapenda kukaa dirishani kwenye ndege. Nililipitia boksi zima nimesimama, huku supu ikichemka, simu begani. Pembeni, pembeni, pembeni. Shaba tupu.

Halafu alama. Naieleza kwa sababu huenda siku moja mtu akayasoma haya. Nikishazipitia sarafu nazipanga safu kwenye kijaluba, ukingo juu, napitisha brashi ya rangi nyekundu ya kucha mara moja tu, kila moja inapata nukta pembeni. Nikikutana na nukta hiyo tena najua hapa nimeshapita. Na kamwe sizirudishi benki ninakozichukua. Nazipeleka benki ya mji wa pili, mwendo wa nusu saa. Wasakaji wote wanaijua kanuni hii.

"Umezidondosha?" Baba aliuliza kutoka kitandani.

"Lala, Baba."

Februari 9

Barabara ya kwenda mji wa pili imefungwa, theluji imefika madirishani. Pesa zote za msako zimekaa ndani ya boksi lile, na bila kuzirudisha siwezi kuagiza jingine. Nilivumilia siku mbili. Leo nimezipeleka benki yetu wenyewe. Mara hii moja tu.

Brenna alizipokea. "Leo unaleta badala ya kuchukua? Heri ya mwaka mpya."

Februari 17

Boksi jipya. Franklin moja! Niliikimbiza dirishani. Ya 1952. Tunayo.

Februari 26

Patupu. Baba ameanza kuwagawia watu vitu vyake. Bisibisi zake amempa jirani. Nilijifungia chooni nikalia, kisha nikatoka nikaanza kupika chapati za viazi kwa fujo, mpaka akauliza kama nazipiga au nazisukuma.

Machi 3

Niandike polepole, nisiache kitu.

Leo Brenna alinipa bunda moja tu, pembeni, nje ya utaratibu. "Mteja fulani kaleta," akasema, akageukia mashine yake haraka. Nililifungulia jikoni. Sarafu ya saba ilikuwa Franklin. Ya 1955.

Nilipiga ukelele. Niliidondosha mezani na ikalia, ikalia mpaka sebuleni.

"Nini hiyo?" Baba aliita. Nilimsikia akijiinua kwenye kiti. "Ardis! Hiyo ni fedha! Ya mwaka gani?"

Nilikuwa nimefungua mdomo. Hapo ndipo nikaitazama vizuri. Inang'aa. Haina hata alama ya kidole. Sarafu zinazotoka benki zimeshapita kwenye mifuko, visahani vya majivu ya sigara na mashine za kamari, zina uchafu wa nusu ya nchi. Hii ilikuwa inanuka plastiki, kama kitu kilichotolewa kwenye kifuko cha dukani asubuhi hiyohiyo.

"Ya sitini na mbili," nikasema.

"Aa," alisema Baba. Kiti kikalia, akakaa tena.

Sijawahi kumdanganya kwa neno dogo likaniuma hivi.

Machi 4

Nilikuwa mlangoni pa benki kabla hawajafungua. Sikuzunguka. Niliiweka sarafu kaunta. "Mteja fulani ni nani?"

Brenna akawa mwekundu mpaka masikio. "Nilimwambia utajua," akasema. "Nilimwambia, yule mama anajua kila kitu kuhusu hizi sarafu, ataitazama mara moja tu. Alinibembeleza. Alikuwa karibu kulia, Bi. Ardis. Ningefanyaje?"

"Nani?"

"Mdogo wako."

Nilikwenda kwa Lyle nikiwaka kama kibiriti. Nilimkuta akifunga vyombo kwenye maboksi. Nilimwambia yote: kwamba ni mwongo, kwamba hajui maana ya kitu chochote kisichouzwa, kwamba alitaka kumwibia baba yangu miaka yake yote kwa dola ishirini na kitu.

"Ishirini na nane," akasema. "Na nilikwenda mpaka Duluth kuitafuta, ile siku ya barafu, gari likaingia mtaroni."

"Nani alikutuma?"

"Ni baba yangu pia, Ardis!" Sijamsikia Lyle akipaza sauti tangu tulipokuwa watoto. "Wewe umekaa naye miaka yote. Mnadondosha sarafu zenu, mnacheka vichekesho vyenu, mimi nikiingia mnaniambia nifunge mlango. Nilitaka kitu kimoja kiingie kwenye ile albamu kwa mkono wangu. Basi."

Niliiweka sarafu yake juu ya boksi la sahani. Halafu nikamsaidia kufunga sahani, kwa sababu alikuwa anazifunga vibaya na zingevunjika zote kabla lori halijafika hata Nebraska, nusu ya safari.

Machi 12

Meneja mpya benki. Amri yake ya kwanza: hakuna kuagiza boksi la nusu dola mpaka zilizomo sefuni ziishe. Brenna alinieleza kwa sauti ya chini, na safari hii alishusha pumzi kwa ajili yangu. "Nimejaribu kumwelewesha. Ana shingo ngumu."

"Sefuni kuna ngapi?"

"Boksi zima. Mchanganyiko tu."

"Nipe."

Alinibebea mwenyewe mpaka kwenye pikapu.

Machi 13

Nukta nyekundu. Nukta nyekundu. Nukta nyekundu. Bunda la kwanza, la pili, la kumi.

Ni zangu. Boksi zima ni lile la siku ya dhoruba, nililorudisha pale ambapo halirudishwi. Mtoto wa darasa la kwanza wa msako huu asingefanya kosa hili. Na barabara ya mji wa pili sasa ina mafuriko ya theluji iliyoyeyuka, daraja limefungwa. Nimelisukuma boksi chini ya meza kwa mguu. Mguu unauma.

Machi 15

Joto limepanda. Mabati yanadondosha maji mchana kutwa. Gari la chungwa limeinama upande mmoja.

Machi 19

Nitaandika yote, hata kama wino utaisha.

Asubuhi Lyle alikuja kuchukua masanduku ya Baba. Tangu ile siku tunasemezana kwa adabu, kama watu wa kamati. Baba alikuwa amekaa mezani, mikono mitupu juu ya kitambaa, akiigeuzageuza kama anatafuta kitu. Bisibisi ameshagawa. Redio ameshafungiwa.

"Nipeni kazi," akasema.

"Kazi gani, Baba?"

"Yoyote. Zile sarafu ulizozipiga teke."

"Zile ni zangu mwenyewe, nimeshazipitia. Zina nukta zote. Hamna kitu."

"Umezidondosha?"

Lyle alinitazama. Mimi nikatazama dirisha. "Hapana, Baba," nikasema. "Sikuzidondosha."

"Basi zilete."

Nikalivuta boksi. Nilikuwa nampa mzee kitu cha kushika tu, niseme ukweli. Lyle naye, sijui kwa nini, akavua koti akakaa. Akawa anafungua karatasi na kumpa Baba sarafu moja moja mkononi, na Baba anadondosha. Ko. Ko. Ko. Mimi nikaendelea kuosha vyombo. Ko. Ko. Bunda baada ya bunda. Kahawa ikachemka, tukanywa, Lyle akawa anamhadithia jinsi gari lilivyoingia mtaroni, bila kusema lilikuwa linakwenda wapi, na Baba akacheka mpaka akakohoa. Ko. Ko.

Halafu ikalia.

Nilikuwa na sahani mkononi. Mlio ule ulikaa hewani, mwembamba na mrefu.

"Rudia," Baba akasema.

Lyle akairudia. Ikalia tena.

"Hiyo," Baba akasema. "Hiyo, hiyo, hiyo! Ardis, njoo!"

Nilifika na mikono yenye povu. Ilikuwa sarafu mbaya kuliko zote nilizowahi kuona, nyeusi usoni na kahawia kote pembeni, kama imekaa miaka chini ya mazulia. Ukingo wake wa kahawia ulifanana na shaba kabisa. Na juu ya kahawia hiyo, nukta nyekundu. Rangi ya kucha zangu. Ilishapita kwenye vidole vyangu, nimesimama, simu begani, na nikaipita.

Lyle aliigeuza. "Ni Franklin," akasema.

"Mwaka," nikasema.

Akaitemea mate akaisugua na shati lake jeupe. Akaipeleka dirishani. Akarudi nayo. Aliniwekea mbele ya macho bila neno, maana alijua nisingemwamini kwa maneno.

1955.

Nilimtazama mdogo wangu. Najua aliona ninachofikiria, kwa sababu akainua mikono yote miwili. "Siyo mimi! Naapa, dada! Tazama nukta!"

Nukta! Hakuna mtu duniani angeweza kuipenyeza sarafu hii. Ilikuwa yangu tangu mwezi uliopita, mimi mwenyewe nimeitia muhuri, mimi mwenyewe nimeipeleka benki, na ikanifuata nyumbani. Kama ningeipeleka mji wa pili kama kanuni inavyotaka, ingekuwa imekwishapotea. Nilianza kucheka, na Lyle akaanza, na Baba akapiga meza kwa kiganja.

"Ninyi mna wazimu? Ni ya mwaka gani?"

Tulijibu pamoja. "Hamsini na tano, Baba!"

Baba aliegemea mbele. "Soma tena," akasema. Lyle akasoma tena. Akataka na mimi nisome. Nikasoma.

Nilileta albamu. Baba alipapasa matundu kwa kidole gumba, safu kwa safu, anahesabu miaka kwa midomo, mpaka kidole kikazama. "Hapa," akasema. Alitaka kuitia mwenyewe, nami nilikuwa nimeshaishika sarafu ili nimpe. Nikaiweka kwenye kiganja cha Lyle.

"Mshikie Baba mkono," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyemfungulia bunda."

Wakaisukuma pamoja, gumba juu ya gumba. Ikaingia kwa kubana.

"Mama yenu," Baba akasema, "sasa hana tena cha kujisifia." Akafuta macho kwa kitambaa cha meza, kile chenye kahawa, na hakuna aliyemkataza. Lyle alipoaga, Baba alimwambia, "Mlango uache wazi. Leo hakuna baridi."

Nilimpigia Brenna benki. Nilimsikia akiwatangazia watu wote wa foleni, na foleni ikashangilia. Foleni ya benki! Nimemkosea sana msichana yule.

Aprili 8

Gari la chungwa limezama asubuhi. Lyle alikosea kwa siku sita, mimi kwa majuma mawili na ushee. Sikuwa na kinyongo.

Aprili 11

Wameondoka. Baba alikataa albamu kufungwa mzigoni. Imekaa mapajani mwake, chini ya mkanda wa kiti. Mlinzi wa uwanja wa ndege alimwomba aifungue, na Lyle anasema alipewa hadithi nzima, tangu pai, mpaka watu wa nyuma wakaanza kulalamika.

Nyumba imenyamaza sana. Nimelia kidogo, nimefagia sana.

Aprili 24

Brenna amemlainisha meneja. Boksi jipya limefika, ameniletea mpaka nyumbani akakaa anywe kahawa. Kumbe anacheka vizuri tu.

Jioni simu iliita kutoka Arizona. Sauti ya Baba ilikuwa safi, haina kikohozi hata kimoja. Huko wanakula machungwa ya kuchuma wenyewe mtini, Lyle ameungua pua kwa jua, na mzee ameshamtuma benki kuulizia mabunda.

"Umepata boksi?" akauliza.

"Nimepata. Tunaanza albamu gani sasa?"

"Yoyote. Umezidondosha?"

"Bado, Baba. Nakungoja wewe."

Niliiweka simu mezani, uso juu, nikafungua bunda la kwanza. Ko. "Inayofuata," simu ikasema. Ko. "Inayofuata." Ko. Brenna alikuwa ameegemeza kidevu mikononi, anasikiliza. Ko. Ko.

Ya kumi na nne ikalia.

"Hiyo!" alipiga kelele Baba kutoka Arizona, kabla hata sijainama kuitazama.